Cheti cha Mbwa

Siku ya tisa baada ya Karani kustaafu, Mama Mkwe aliiambia redio kwamba katika nyumba hii kuna watu wasiojua kufunga kopo la sukari.

Redio yenyewe ilikuwa imezimwa. Karani, aliyeketi upande wa pili wa meza ile ile akisoma gazeti la juzi, alilikunja gazeti taratibu, akalijibu birika: kuna watu wengine wanaofunga makopo kwa nguvu utadhani sukari ina mpango wa kutoroka. Birika halikusema kitu, redio haikusema kitu, na watu wazima wawili wenye akili zao wakaendelea kukaa chumba kimoja bila kutazamana mpaka jioni.

Jioni alirudi Muuguzi. Huyu ni mke wa Karani na mtoto pekee wa Mama Mkwe, na ni msimamizi wa wodi ya mifupa, ambako kazi yake kutwa ni kuwaambia watu wasisogee. Akirudi nyumbani hupenda kukuta watu wanaosogea. Siku hiyo aliwakuta wamekaa vile vile alivyowaacha asubuhi, kopo la sukari liko katikati ya meza, wazi, na hakuna aliye radhi kulifunga.

Kwa miaka ishirini na sita mama yake na mume wake walikuwa wakizungumza kupitia kwake. "Muulize mumeo kama atakula." "Mwambie mama nimeshiba." Hakuna aliyeona shida, maana Karani alikuwa kutwa ofisini kwake, usajili wa vizazi na vifo, dirisha namba tatu, na Mama Mkwe alikuwa na cherehani yake na sare za shule za kushona. Sasa macho ya Mama Mkwe yamefifia hata uzi hautungiki, na Karani amepewa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Wamebaki wao wawili na vyombo.

"Naleta mbwa," Muuguzi alisema kabla hajavua viatu.

"Mbwa wa nini?" aliuliza Karani.

"Wa kuongea naye. Mmeshaanza kuongea na birika. Kesho mtaanza kurushiana, mmoja wenu ataletwa wodini kwangu, na mimi sina kitanda."

Karani alitegemea Mama Mkwe atapinga, kwa kuwa hupinga kila kitu isipokuwa mvua. Lakini Mama Mkwe alipapasa meza mpaka akalipata kopo, akalifunga.

"Mimi sina neno," alisema. "Ila awe mbwa mwenye ukoo."

Hapo chumba kilipoa, na ni haki msomaji ajue kwa nini.

Karani hana ukoo. Alikutwa akiwa mtoto wa siku chache, nje ya zahanati, na akalelewa kwenye nyumba ya watoto. Cheti chake cha kuzaliwa, ambacho kazi yake ilimfundisha kukisoma vizuri kuliko mtu yeyote, kina mistari miwili inayofanana: Baba, hajulikani. Mama, hajulikani. Alipokwenda kuposa, Mama Mkwe alimuuliza mbele ya watu, "Ukoo wenu ni wa wapi, baba?" Naye, kijana mwenye tai ya kuazima, akajibu, "Ukoo ni mimi, mama. Ndiyo naanza." Watu walicheka. Mama Mkwe hakucheka. Alisema mtu haozeshi binti yake kwa fumbo, kisha akamwozesha, kwa sababu binti alikuwa amekwisha kuamua. Wala hawakujaaliwa watoto, na ingawa Mama Mkwe hakuwahi kusema lolote juu ya hilo, kulikuwa na namna yake ya kutolisema.

Tangu siku ile hakuwahi kumwita jina lolote. Si mkwe, si baba, si mwanangu. "Huyo bwana," basi. Karani yeye alimwita Mama, kila siku, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwita hivyo, na kwa sababu ukiita kwa miaka mingi huachi kutumaini kwamba ipo siku utaitikiwa. Hilo lilimuuma kuliko mistari yote miwili ya cheti, na alikuwa tayari kufa kuliko kulitamka.

"Mama, ukoo wa mbwa wa nini?" Muuguzi alisema, huku akimtazama mumewe kwa pembe ya jicho. "Pale kituo cha wanyama kuna mbwa wamejaa, bure. Wametupwa tu, masikini, wanasubiri mtu."

"Mimi nimeshona miaka arobaini," alisema Mama Mkwe. "Kitambaa kisicho na lebo, kifue mara mbili ndipo utajua ulichonunua. Utajuaje mama yake hakuwa anauma watu? Utajuaje babu yake hakuwa na kifafa? Mtoto wa nyoka ni nyoka. Tena chema chajiuza, mwanangu. Kikitupwa, kina sababu."

Muuguzi alifumba macho. Karani alilitazama gazeti lake. Angeweza kumtetea mbwa wa kutupwa, lakini kila neno la utetezi lingekuwa lake mwenyewe, na mtu wa miaka sitini haombi tena kuonewa huruma mezani.

"Mama amesema kweli," aliliambia birika. "Tumnunue mwenye cheti."

Mama Mkwe alisema atalipa yeye. Jumatano cherehani ikauzwa, na Jumamosi wote watatu wakavaa nguo za kutokea.

*

Nyumba ya Mfugaji ilikuwa na geti la umeme na zulia jeupe. Waliombwa wavue viatu. Juu ya sofa alikuwa amelala mbwa mkubwa mweupe ambaye hakuombwa kuvua chochote. Ukutani kulikuwa na picha za mbwa kumi na saba, zote kwenye fremu, na hapakuwa na picha hata moja ya binadamu, wala ya mama yake Mfugaji.

Mfugaji alikuwa mwanamume laini mwenye vidole safi. Aliwakalisha kwenye viti vya plastiki, akachukua kalamu.

"Mnakaa mtaa gani?"

Muuguzi akautaja. Mfugaji akanyamaza kwa adabu, vile watu wanavyonyamaza wakitajiwa ugonjwa.

"Nyumba ina kiyoyozi?"

"Ina feni," alisema Karani.

"Feni." Mfugaji akaandika. "Moja?"

"Moja, lakini inazunguka pande zote," alisema Muuguzi, na papo hapo akajichukia kwa kuitetea feni yake mbele ya mtu asiyemjua.

Mtoto wa mbwa aliletwa amefungwa taulo. Alikuwa mweupe, mviringo, na pua yake ilikuwa imebonyea mpaka akawa anapumua kama mtu aliyepanda ghorofa sita na mizigo. Mama Mkwe aliwekewa mapajani. Mtoto akazunguka mara mbili, akalala, akaanza kukoroma, na uso wa Mama Mkwe ukalegea kwa namna ambayo binti yake hakuiona tangu msiba wa baba.

"Ana joto zuri," alisema.

Mfugaji akataja bei. Muuguzi akakohoa. Kwa bei hiyo wodi yake ingepata magodoro mapya na shuka zake. Mama Mkwe hakushtuka. Alifungua mkoba, akatoa bahasha yote ya cherehani, akaiweka juu ya goti huku mkono mmoja ukiendelea kumkuna mtoto.

"Na cheti?" aliuliza.

Cheti kililetwa ndani ya jalada. Kilikuwa kikubwa kuliko cheti chochote cha binadamu, kingo zake za dhahabu, chenye mti wa ukoo wa vizazi vitatu. Karani akanyoosha mkono. Alitoa miwani yake ya kazi, akaifuta kwa ncha ya shati, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu mgongo wake ukanyooka.

"Mhuri haujagusa saini," alisema.

"Samahani?"

"Mhuri unatakiwa ugonge nusu kwenye saini, nusu nje. La sivyo mtu anabandua. Tuendelee." Akashusha kidole. "Baba wa mtoto: Sultani wa Pili wa Kilima cha Lulu."

"Bingwa mara tatu," alisema Mfugaji.

"Mama wa mtoto: Binti Theluji."

"Bingwa pia."

"Baba wa mama wa mtoto." Kidole kikasimama. Kikarudi juu. Kikashuka tena. Muuguzi alimjua mumewe. Alijua kidole kile kilivyowatoa jasho watu waliokuja na hati za kughushi. "Baba wa mama wa mtoto: Sultani wa Pili wa Kilima cha Lulu."

"Ndiyo."

"Ni jina la mwingine?"

"Hapana, mzee. Sultani wa Pili yuko mmoja tu." Mfugaji akaonyesha sofa. Mbwa mkubwa akafumbua jicho moja.

Karani akavua miwani. Akasema kwa sauti ya dirisha namba tatu, ile iliyokuwa ikisikika mpaka kwenye foleni nje:

"Kwa hiyo huyu mtoto, baba yake mzazi na babu yake mzaa mama ni mtu mmoja."

Mkono wa Mama Mkwe ukaacha kukuna.

"Unasema nini wewe?" alimwuliza. Alimwuliza yeye. Hapakuwa na redio pale, wala birika, na Muuguzi, aliyekuwa katikati yao kama kawaida, alijivuta nyuma kwenye kiti chake cha plastiki ili maneno yapite.

"Nasema kilichoandikwa, mama. Huyu bwana aliye kwenye sofa ndiye baba wa Binti Theluji. Kisha ndiye baba wa mtoto wa Binti Theluji."

"Kamzalisha bintiye?"

"Mama," alisema Mfugaji akitabasamu, "ndivyo damu inavyotunzwa. Ukiingiza damu ya nje, inachafuka. Wote wenye vyeti wanafanya hivyo."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilisimamia mwenyewe."

"Ee Mungu wangu!"

"Mama, ni mbwa."

"Umesema ni Sultani!"

"Ofisini kwetu," alisema Karani, akirudisha cheti kwenye jalada kwa ncha za vidole, "hii tungeipeleka polisi."

Mama Mkwe alirudisha bahasha mkobani. Kisha akamwinua yule mtoto hadi karibu na macho yake mabovu ili amwone. Mtoto akaamka, akamlamba pua, akapiga chafya.

"Pole, mwanangu," alimwambia. "Wewe huna kosa. Mtoto hachagui wa kumzaa."

Akamkabidhi Mfugaji, akaomba viatu vyake.

Karani alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu na alichukua muda mrefu kuliko kamba zilivyohitaji. Maneno yale aliyangoja miaka ishirini na sita, na yalipokuja yakaenda kwa mbwa. Hata hivyo alikuwa ameyasikia kwa masikio yake, na njia nzima ya kurudi alijishika asiyarudie kwa sauti.

*

Kituo cha wanyama kilikuwa nyuma ya gereji, na harufu yake ilikupokea kabla ya mtu yeyote. Msimamizi wake, mwanamke mpana aliyevaa mabuti ya mpira na ambaye kila mtu pale alimwita Bi Mabuti, hakuwaomba wavue viatu. Aliwaambia waangalie wanapokanyaga.

Walikuja Jumamosi iliyofuata. Mama Mkwe alikuja kwa masharti kwamba anakuja kuangalia tu, na kuangalia kwenyewe haoni, kwa hiyo wasitegemee kitu. Mbwa walipowaona wakapandwa na wazimu wote kwa pamoja, wakaruka, wakabweka, wakasimama kwa miguu miwili. Ilikuwa kama dirisha namba tatu siku ya mwisho ya uandikishaji wa shule. Mmoja tu, kwenye banda la mwisho, hakuinuka. Alikuwa jike la rangi ya tope, sikio moja limesimama na jingine limelala, na alipowaona wamefika akapiga mwayo mrefu, akawageuzia mgongo.

"Huyu ana adabu," alisema Mama Mkwe. "Hajipendekezi."

"Huyo ana mwaka wa pili hapa," alisema Bi Mabuti. "Watu wakija wanataka anayewarukia." Kisha akamwita Muuguzi pembeni ili amwoneshe dawa za minyoo, na Mama Mkwe na Karani wakabaki mbele ya wavu.

Bandani palining'inia kibao kidogo. Mama Mkwe alikisogelea mpaka pua ikagusa, akashindwa.

"Mtu mwenye miwani," aliuambia wavu, "angekisoma hiki kibao."

Karani akavaa miwani. Akasoma kama alivyosoma maelfu mengine, bila kuweka chumvi wala kupunguza.

"Jinsia: jike. Umri: kadiri ya mwaka mmoja na nusu. Baba: hajulikani. Mama: hajulikani. Mahali alipokutwa: mlango wa duka la mbao, ndani ya katoni."

Mistari ile alikuwa anaijua. Angeweza kuisoma hata macho yamefumbwa. Alisimama pale na mikono yake imeshika wavu, mzee mzima aliyeandikia mji mzima wazazi wao, akaona aibu iliyokuwa na umri wake wenyewe ikimpanda usoni, na akangoja ile methali ya nyoka.

Yule jike aliinuka, akaja polepole, akaketi upande wa pili wa wavu, akaegemea pale palipokuwa na mguu wa Mama Mkwe.

"Katoni ya nini?" aliuliza Mama Mkwe.

"Haikuandikwa."

"Na ya kwako?"

"Ya kwangu nini, mama?"

"Katoni. Au ulikuwa kwenye kapu?"

Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Mkewe hakuuliza kwa kumhurumia, na ofisi haikuwa na mstari wa swali hilo.

"Katoni," alisema. "Ya sabuni. Kule kwenye nyumba ya watoto walinionesha, walikuwa wameiweka."

"Sabuni za miche au za unga?"

"Za miche."

Mama Mkwe alilifikiria jambo hilo kwa makini, kama alivyokuwa akifikiria kitambaa kabla ya kukikata.

"Hiyo ni katoni ngumu," alisema. "Haibonyei. Tena sabuni hazipandwi na siafu. Mtu aliyetaka tu kutupa angechukua yoyote iliyo karibu." Akapapasa wavu, akapata lile sikio lililolala, akalishika kwa kidole kimoja. "Huyo mtu alichagua."

Karani alivua miwani akaitia mfukoni, kwa sababu haikuwa na kazi tena kwa muda huo. Haikuwa inaonesha kitu. Muuguzi aliporudi na dawa za minyoo alimkuta mumewe anatazama ukuta wa gereji na mama yake ameinama anamwambia mbwa asilale mbele ya mlango maana panapita upepo.

"Vipi?" aliuliza.

"Ndiye huyu," alisema Mama Mkwe.

*

Waliposema wamemchukua, Bi Mabuti alicheka. Mbwa hachukuliwi hivyo. Kwanza ni ukaguzi, kisha fomu.

Alikuja nyumbani Jumanne na futi ya kupimia. Alipima geti. Alipima nafasi iliyo chini ya geti. Alilala kifudifudi uani ili aone ukuta kwa macho ya mbwa. Aliingia jikoni akafungua jokofu, akatazama, akafunga, akaandika neno moja ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuliona, na Muuguzi, anayesimamia vitanda thelathini na sita, alijikuta anaeleza kwamba kwa kawaida huwa linajaa.

"Nani anagombana humu ndani?" aliuliza Bi Mabuti.

"Hawa wawili," alisema Muuguzi.

"Kwa kelele?"

"Kwa birika."

Bi Mabuti hakuuliza zaidi. Aliandika.

Kisha akaeleza kanuni. Mwenye mbwa lazima awe mtu anayeshinda nyumbani na anayeona vizuri vya kutosha kumtembeza. Kwa hiyo Muuguzi hafai, na Mama Mkwe hafai. Mwombaji ni Karani.

Karani aliifuata kalamu yake mwenyewe chumbani. Fomu ilikuwa kurasa nne, na nasema kweli, hiyo ndiyo iliyokuwa saa yake ya furaha zaidi tangu astaafu. Alijaza kwa herufi kubwa, bila kufuta hata mara moja. Aliuliza kama tarehe inaanza na siku au mwezi. Bi Mabuti, ambaye fomu zake kwa kawaida hurudishwa zikiwa na alama za vikombe vya chai, alianza kumtazama kwa heshima. Mama Mkwe alikuwa ameketi mahali pake, tayari ametandika gunia lililokunjwa mara nne karibu na miguu yake.

Kwenye kifungu cha kumi na nne kalamu ilisimama.

Muuguzi akachungulia. Mdhamini: ndugu wa damu wa mwombaji, atakayemchukua mbwa endapo mwombaji atashindwa, atahama au atafariki. Jina. Uhusiano. Saini.

"Niandike mimi," alisema haraka.

"Mke si damu," alisema Bi Mabuti. "Samahani, dada. Nimepokea mbwa wa talaka mpaka basi. Marafiki nao wanahama. Ndugu wa damu hana pa kukimbilia, ukimpigia simu lazima apokee."

"Basi andika binamu," Muuguzi alimnong'oneza mumewe. "Andika jina lolote. Nani atakwenda kuuliza?"

"Miaka thelathini na moja sijaandika binamu wa uongo."

"Ni mbwa, mume wangu!"

"Ni fomu."

Alikifunga kifuniko cha kalamu. Yule mtoto wa kifahari alitaka pesa tu na feni. Huyu wa bure, aliyeokotwa, ndiye aliyemtaka ukoo. Alijua kuna jambo la kuchekesha hapo, na siku nyingine angelicheka. Lakini alikuwa amekwisha kufikiria njia watakazopita asubuhi, yeye na yule wa sikio lililolala, na alikuwa amekwisha kufikiria, ingawa haraka haraka ili asijione mjinga, kwamba nyumbani atakuwepo mmoja wa aina yake. Akazisawazisha zile kurasa nne, kingo kwa kingo, akazisogeza kwa Bi Mabuti.

"Kifungu cha kumi na nne hakijazwi," alisema. "Fomu haipiti. Mpe mwingine."

Bi Mabuti hakuifurahia kanuni yake, lakini aliinuka. Alikuwa ameshafungua mkoba.

"Lete hapa," alisema Mama Mkwe.

"Mama, hii inataka—"

"Nimesikia inachotaka. Macho ndiyo mabovu, masikio ni mazima. Lete, na kalamu."

Bi Mabuti akamtazama Muuguzi, Muuguzi akatazama dari, na fomu ikawekwa mbele ya mama. Akainamia karatasi mpaka nywele zake nyeupe zikagusa meza. Hakuona mstari. Akanyoosha kalamu hewani.

"Nioneshe pa kuandika," alisema.

Hakuiambia redio, wala birika. Karani akaizunguka meza, akaishika ile ncha ya kalamu, akaiweka kwenye mstari wa kwanza. Mama Mkwe akaandika jina lake. Karani akaisogeza kalamu kwenye wa pili, ule wa uhusiano. Hapo mama aliandika polepole, herufi kubwa zinazopanda na kushuka, na akauvuka mstari, akaingia kifungu cha kumi na tano kilichohusu chanjo. Kisha akatia saini.

Bi Mabuti akaichukua. Akasoma mara moja, akasoma tena.

"Mama, huyu dada si ndiye uliyemzaa?"

"Ndiye."

"Na hapa umeandika huyu mzee ni mwanao."

"Kusoma unajua."

"Wote wawili ni wako?"

"Wangu."

"Basi hawa mke na mume ni..."

Muuguzi alitoka nje kwa kasi, ameziba mdomo kwa mikono miwili, na huko uani akasikika akicheka, na baadaye kidogo, ukisikiliza vizuri, akafanya kitu kingine ambacho si kucheka.

Bi Mabuti alibaki na fomu mkononi. Alimgeukia Karani, kwa kuwa katika chumba kile ndiye aliyeonekana mtu wa utaratibu.

"Mzee, wewe ulikuwa usajili. Nisaidie. Hii inakubalika?"

Karani akaipokea. Makosa yalikuwa ya wazi. Mwandiko ulivuka mstari. Nafasi ilitaka "mama", yeye aliandika "mwanangu". Na kiapo chenyewe kilikuwa cha uongo mtupu, kutoka kwa mtu aliyeketi pale amekunja uso, kidevu juu, tayari kugombana na ofisi yoyote itakayompinga. Kwa kosa dogo kuliko hayo alikuwa akiwarudisha watu nyumbani kila siku, na hakuwahi kulala vibaya.

"Inakubalika," alisema.